Nani Kasema Mautuma Hawasomi?

Kuna jibu moja ambalo limewapa viongozi wetu, na wakutubi wengi pia, usingizi mzuri kwa miaka mingi. Ukiuliza kwa nini huduma za maktaba hazifiki mashambani, au kwa nini maktaba zilizopo huwa na watu wa aina moja tu, utaambiwa kwamba mlango uko wazi kwa wote, na asiyeingia ni kwa sababu hataki kusoma. Kisha kitafuata kicheko na ule msemo mchovu kwamba ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiandike kitabuni. Jibu hili limesemwa matangani, redioni na kwenye warsha za hotelini hadi likachukuliwa kuwa ukweli usiohitaji ushahidi. Nalipinga, na nitalipingia Mautuma, kwa sababu huko ndiko linakoonekana kuwa na nguvu zaidi.

Mautuma ni wodi ya Lugari, kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega, karibu na mpaka wa Uasin Gishu. Ni nchi ya mahindi, miwa na ng'ombe wa maziwa. Sehemu kubwa ya Lugari ilikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu, yakaja kukatwa vipande miaka ya 1960 na kugawiwa familia zilizotoka huku na huko. Ndiyo maana sokoni utasikia Kimaragoli, Kibukusu na Kikabras, na ukisogea upande wa Turbo, Kinandi. Maktaba kubwa za umma zilizo karibu ziko Kakamega mjini na Eldoret. Mtu wa Mautuma akitaka kuingia mlango huo ulio wazi, atapanda bodaboda hadi lami ya barabara kuu ya Webuye na Eldoret, kisha matatu, kisha atembee. Ng'ombe wake amemkamua alfajiri na anatakiwa kumkamua tena jioni. Nauli ya kwenda na kurudi ingemnunulia mtoto wake daftari za muhula. Sasa huyu akikaa nyumbani, tunasema hataki kusoma?

Tuanze na hilo dai lenyewe, kwamba watu hawa hawasomi. Ingia duka lolote la pembejeo wakati mahindi yamefika magotini. Tangu viwavijeshi vamizi viingie Kenya mwaka wa 2017, dawa za kunyunyizia zimejaa rafuni, na kila msimu kuna chupa mpya. Mtazame mama aliyeishika moja. Anaigeuza, anatafuta mstari wa rangi chini ya kibandiko, maana ameshajua kwamba nyekundu ni kali kuliko buluu. Anatafuta tarakimu 20, kwa sababu pampu yake ya mgongoni ni ya lita 20, halafu anasoma mililita zilizoandikwa kando yake. Yaliyobaki, yaani siku za kusubiri kabla ya kuvuna, dalili za kudhurika, namna ya kuitupa chupa ikiisha, mara nyingi yako katika Kiingereza cha kemia, kwa herufi ndogo ambazo hata mwenye macho mazima huzikunjia uso. Basi anamuuliza muuzaji. Muuzaji ana foleni, na kusema kweli kazi yake ni kuuza. Anamjibu kwa mkato, na mama anaondoka na dawa lakini bila zile siku za kusubiri.

Huyo mama amesoma. Amesoma kila kitu kilichoandikwa kwa namna anayoweza kukitumia, na akakwama pale mwandishi alipoacha kumfikiria. Kakamega kuna kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo; maarifa yapo katika kaunti hii hii. Ninachouliza ni kiko wapi kijitabu cha kurasa ishirini, kwa Kiswahili, chenye picha, kilichokaa mahali anapoweza kukiazima Jumamosi na kukirudisha Jumamosi inayofuata. Mtu asiambiwe hapendi kitabu ambacho hakuna aliyemwandikia wala aliyemletea.

Wala si dukani pekee wanakosoma. Kwa kinyozi gazeti la juzi hupita mikono kumi kabla halijafungiwa nyama. Chama cha akina mama kina daftari la michango ambalo kila mstari wake hukaguliwa kwa ukali kuliko hesabu za kaunti. Biblia na vitabu vya nyimbo vimechakaa kwa kufunguliwa. Ujumbe wa M-Pesa husomwa mara mbili, na kwa wasioamini, mara tatu. Watu hawa husoma kinachowahusu na kinachowafikia. Maktaba isiyotimiza hata moja kati ya masharti hayo mawili haina ruhusa ya kuwalaumu.

Na tusidanganyane kuhusu kilichomo rafuni. Kuna mafungu mawili yanayotawala vyumba vingi vya vitabu vya mashambani. Fungu la kwanza ni vitabu vya kiada na vya marudio ya mitihani. La pili ni misaada, vitabu vilivyotoka ng'ambo, vingine vizuri sana, vingine mabaki ambayo maktaba za huko zilikuwa zinayaondoa. Kitabu cha sheria ya kodi ya nchi nyingine, toleo la zamani, kinachukua nafasi ile ile ambayo kingechukua kitabu cha magonjwa ya ng'ombe. Riwaya za Kiswahili zitakuwa zile zilizowahi kutahiniwa. Kwa lugha za nyumbani utapata Biblia, ukipata. Ni kama mwenye duka la mitumba anayeleta viatu namba kumi tupu, kisha analalamika kwamba watu wa Mautuma wamezoea kutembea pekupeku.

Hapa mtetezi wa mlango wazi huniambia niende nikaone maktaba zilivyojaa mjini. Kweli zimejaa, na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: zimejaa kwa sababu zinatoa meza, taa na utulivu, vitu ambavyo mwanafunzi anayeishi chumba kimoja na wadogo zake hana. Lakini tazama ni nani waliokaa. Wengi ni watahiniwa na wanafunzi wa vyuo, na mbele yao kuna notsi walizokuja nazo kutoka nyumbani. Huduma hiyo ni halali na iendelee. Ila isiitwe ushahidi kwamba maktaba inahudumia umma wote. Mzee anayetaka kujua haki yake katika mgogoro wa mpaka wa shamba hayumo. Fundi wa pikipiki hayumo. Mama mwenye mtoto mgongoni, anayejua kabisa kwamba mtoto akilia atatazamwa hadi atoke nje, hayumo.

Msichana wa shule ya kutwa naye hayumo, na kisa chake ni cha saa tu. Huduma hufunguliwa kwa saa za ofisi. Yeye yuko darasani mchana, na akitoka kuna maji, kuni na chakula cha jioni vinavyomsubiri. Kaka yake, akipenda, anaweza kupitia chumba cha vitabu akiwa njiani. Yeye akichelewa ataulizwa alikuwa wapi na na nani. Hakuna aliyeweka kibao mlangoni kusema wasichana wasiingie. Ratiba imefanya kazi hiyo bila kibao.

Kuna wanaochukia mjadala huu wote kwa sababu wanausikia kama msamiati wa wafadhili. Usawa, ujumuishi, haya yote, wanasema, yameletwa na mashirika pamoja na magari yao meupe. Wasiojua historia ya maktaba za Kenya ndio wanaoweza kusema hivyo. Maktaba ya McMillan, jengo lile la nguzo kubwa katikati ya Nairobi, ilifunguliwa mwaka wa 1931, na hadi kukaribia uhuru Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Nchi yetu ilijua kubaguliwa kwenye rafu kabla ya mfadhili yeyote kutufundisha neno la kueleza hali hiyo. Mlango wa siku hizo ulikuwa umefungwa kwa rangi ya ngozi. Tulipoufungua tulifanya jambo kubwa, kisha tukaketi, tukadhani kazi imeisha.

Hata kupeleka vitabu kwa msomaji alipo hakukuanza na semina za miaka hii. Mwaka wa 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, ambayo pamoja na kuchapisha vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine za eneo hili, ilipeleka masanduku ya vitabu vijijini na kuwaazima watu kwa njia ya posta. Ilikuwa ofisi ya kikoloni na ilikuwa na malengo yake ya kikoloni, hilo halina ubishi. Lakini ilielewa jambo ambalo tumelisahau sisi wenye bendera: msomaji wa shamba hawezi kusubiriwa mjini. Shirika la Huduma za Maktaba la Kenya, KNLS, liliundwa kwa sheria ya mwaka wa 1965, na mwaka wa 1996 likaonyesha kwamba halijasahau kabisa. Huko Garissa lilipakia vitabu kwenye ngamia na kuwafuata wafugaji kwenye manyatta zao.

Ngamia huyo alipigwa picha na dunia nzima. Nami ninamheshimu. Lakini hebu tuulize kanuni iliyo nyuma yake. Serikali ilikubali kwamba mfugaji wa Garissa hawezi kuiacha mifugo yake aende kukaa maktabani, kwa hiyo maktaba ndiyo itakayosafiri. Mkulima wa Lugari naye hawezi kuliacha shamba na ng'ombe wake. Tofauti ni kwamba hana ngamia, na pikipiki yenye sanduku la vitabu ikipita katikati ya mahindi haivutii mpiga picha yeyote. Kanuni iliyokubaliwa kaskazini inakataliwa magharibi, na anayekataa hatuambii kwa nini.

Sasa nije kwa wale ambao mlango wazi kwao ni dhihaka kamili. Mumias, katika kaunti hii hii, kumekuwa na shule ya viziwi tangu miaka ya 1960. Chukua mhitimu wa shule kama hiyo anayerudi nyumbani Lugari. Amesoma, anaandika, ana lugha yake ya ishara. Akifika kwenye chumba cha vitabu cha kijijini, nani atamjibu? Tangazo la mkutano wa wasomaji limetolewa kwa kipaza sauti. Hadithi husomwa kwa sauti na hakuna wa kutafsiri. Asiyeona ana shida tofauti: kitabu kipo, lakini hakipo kwa nukta nundu wala kwa sauti. Anayetembelea kiti cha magurudumu atakomea kwenye ngazi tatu za saruji ambazo fundi alizijenga kwa sababu ndivyo ngazi zinavyojengwa.

Sheria iko upande wao, tena kwa maandishi. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, nukta nundu au njia nyingine inayomfaa. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka wa 2013 unaruhusu kazi zenye hakimiliki kugeuzwa ziwe za sauti au nukta nundu kwa ajili ya wasioona bila kusubiri ruhusa ya kila mwenye haki; Kenya ilijiunga nao mwaka wa 2017, na sheria yetu ya hakimiliki ikarekebishwa mwaka wa 2019. Yaani ule udhuru mkubwa, kwamba sheria inazuia, umeondolewa. Kijana asiyeona wa Mautuma mwenye simu ya kawaida na kadi ya kumbukumbu anaweza kubeba rafu nzima mfukoni. Anachokosa ni mtu wa kumwekea vitabu hivyo ndani ya kadi, na huyo mtu angepaswa kuwa mkutubi.

Nimetaja simu, na najua jibu linalokuja. Simu imeua maktaba, kila kitu kiko kwenye intaneti, mnataka kuturudisha kwenye karatasi za nini? Wanaosema hivi kwa kawaida wana simu nzuri na bando isiyoisha. Sensa ya 2019 ilikuta kwamba ni asilimia 22.6 tu ya Wakenya wenye umri wa miaka mitatu na zaidi waliokuwa wakitumia intaneti, na waliotumia kompyuta walikuwa asilimia 10.4. Bila shaka idadi imepanda tangu wakati huo. Lakini nyumba nyingi bado zina simu moja yenye intaneti, nayo huondoka asubuhi pamoja na mwenyewe. Na akiifungua, anakutana na ile chupa ya dawa kwa mara ya pili: Kiingereza, herufi ndogo, na safari hii pia matapeli wanaomuuzia tiba ya kila kitu. Simu haiondoi haja ya mtu anayejua kutafuta na kupima habari. Inaiongeza. Vituo vya kidijitali vinavyoahidiwa kila wodi, wodi 1,450 nchini kote, ni jambo zuri. Ningependa tu kujua ni nani atakayekaa humo, anazungumza lugha gani, na anafunga saa ngapi.

Pesa. Hapa ndipo wapinzani wangu hupumua kwa raha, kwa sababu nani atabishana na barabara mbovu na zahanati isiyo na dawa? Sitabishana nazo. Nitasema tu kwamba maktaba si ombi la hisani. Jedwali la Nne la Katiba limeikabidhi kaunti kazi ya maktaba, na imeorodheshwa katika kifungu kimoja na kamari, leseni za pombe na maonyesho ya video. Angalia basi ni ipi kati ya kazi hizo ambayo kaunti zetu zimeikumbuka. Leseni za pombe zina maafisa, ada na msako wa usiku. Maktaba zilipogatuliwa ziliingia katika mvutano wa muda mrefu kati ya KNLS na kaunti juu ya nani alipe mishahara na nani anunue vitabu, na wakati wanavutana, kitabu kipya hakinunuliwi. Juu ya hayo, mwaka wa 2013 serikali kuu ilianza kukitoza kitabu ushuru wa ziada ya thamani wa asilimia 16. Tunakipandishia kitabu bei, tunakiweka mbali, halafu tunashangaa mnunuzi haji.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu, na ambayo sijaisikia ikitolewa mara nyingi inavyostahili, ni ya Tanzania. Katika kampeni ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970, wenzetu walifungua maktaba za vijiji kwa maelfu. Nyingi zilikufa. Mtu anaweza kusema: mmeona, kijiji hakiwezi kushika maktaba. Lakini zilikufaje? Zilikuwa na wasomaji wapya, watu wazima waliojua kusoma juzi na wenye kiu. Vitabu vilivyoletwa mwanzoni vilisomwa vikaisha, vipya havikuja, walinzi wa makabati hawakulipwa, na uchumi wa nchi ukaanguka. Kilichokufa ni ugavi. Uganda nayo ilizikabidhi wilaya maktaba zake kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1997, na nyingi zikadhoofika kwa kukosa bajeti. Lakini pale Kitengesa, kijiji kilicho karibu na Masaka, kazi ilianza mwaka wa 1999 na sanduku la vitabu katika shule ya sekondari, na miaka michache baadaye kukajengwa maktaba ambayo wanakijiji wasio wanafunzi huingia na kuazima. Wasomaji hawakuagizwa kutoka nje. Walikuwepo kijijini siku zote.

Basi Mautuma inahitaji nini? Jengo kubwa lenye jina la mheshimiwa ukutani ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa sababu likishazinduliwa fedha zote zimeisha na ufunguo unabaki na mtu mmoja. Anza na mkutubi aliyeajiriwa, anayelipwa, anayezungumza na watu kwa Kiswahili na angalau lugha moja ya hapo. Mpe pikipiki na masanduku yanayozunguka: wiki hii kwenye benchi la mama na mtoto zahanatini, wiki ijayo kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, kisha kanisani na kwenye chama. Mpe uwezo wa kununua vitabu kutokana na maswali aliyoulizwa, badala ya kupokea shehena aliyochaguliwa na mtu asiyemjua. Fungua chumba Jumamosi na Jumapili mchana, na jioni mbili kwa wiki, na moja ya saa hizo iwe ya wasichana na mama zao kwa makusudi. Weka njia ya mteremko mahali pa ngazi. Na kwa kuwa eneo hili la mpaka liliguswa na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, kamati ya kusimamia huduma hii isiwe ya ukoo mmoja au dhehebu moja, maana jirani anayehisi kwamba chumba ni cha watu fulani hataingia, hata ukiacha mlango wazi usiku na mchana.

Nimeambiwa kwamba kuwatengea wasichana saa, au kutumia fedha kwa viziwi wachache, ni upendeleo. Ratiba ya sasa inawapendelea wavulana wa mjini wenye nauli. Rafu ya sasa inampendelea mtahiniwa anayejua Kiingereza. Upendeleo upo tayari, ila tumeuzoea kiasi kwamba tunauita kawaida.

Kila mwaka, kabla ya tarehe 1 Septemba, serikali ya kaunti hutakiwa kisheria kuwasilisha mpango wake wa maendeleo katika bunge la kaunti, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Watu wa Lugari waende huko na madai haya, na wawakilishi wao wa wodi waulizwe majina ya vitu: mkutubi mmoja, pikipiki moja, masanduku, bajeti ya vitabu ya kila mwaka, daftari la kuazima lililo wazi kwa ukaguzi. Anayeshikilia kwamba Mautuma hawasomi akubali huduma hiyo iendeshwe miaka mitatu mfululizo, kisha asome daftari hilo mbele ya baraza, jina kwa jina, kabla hajaomba huduma ifungwe.